Mguu umeumia na gari ni manyuali: klachi nzito, mguu unateleza, breki inachelewa, shida iko wapi?

Nianze na hili maana ndio wengi tunakosea. Ukishaumia mguu ukarudi kwenye gari ya manyuali, kila kinachokwama unausingizia mguu. Klachi nzito, mguu. Gia inakwaruza, mguu. Mimi nilikaa miezi kama minne na goti la kushoto lina nati ndani nikaamini kabisa kwamba klachi nimeshaagana nayo, kumbe kebo ya klachi ilikuwa imeanza kukatika nyuzi ndani ya kava lake na ilikuwa inazidi kuwa nzito tangu kabla sijaumia, ila mguu ulivyokuwa mzima ulikuwa unaibeba tu kimyakimya. Ikawekwa kebo mpya, klachi ikalainika, nikaendesha. Kwa hiyo humu kila dalili tutaanza kuiulizia kwenye gari, halafu kwenye kiti, halafu ndio mguu. Vyuma vya kuongezea pedeli vinakuja mwishoni, japo najua ndio umevifuata.

Kabla hujashika spana. Kama bado una plasta au daktari hajakuruhusu kuukanyagia huo mguu hapa hakuna cha kurekebisha, subiri. Dawa za maumivu nazo zitazame, tramadoli kwa mfano inaleta usingizi na kizunguzungu hata kama wewe unajiona uko fiti. Na kama unyayo wa kulia una ganzi kiasi kwamba ukifumba macho hujui umekanyaga nini, hata pedeli uiongeze urefu mara tatu bado hutajua umekanyaga kiasi gani.

Kuna jaribio moja nalipenda na halina gharama. Gari imesimama pahali tambarare, hendibreki juu, gia nyutro, injini inawaka ili boosta ya breki (kifaa kinachokuongezea nguvu ya kukanyaga breki) iwe inafanya kazi. Weka mguu kwenye pedeli ya mafuta bila kukandamiza, halafu jifanye mtoto kakatiza mbele. Hamisha mguu, kanyaga breki kwa nguvu zako zote, shikilia mpaka uhesabu kumi. Fanya hivyo mara kumi. Kama ukifika ya nane unauma meno, au mguu ulipita pembeni ya breki hata mara moja, barabarani bado. Ukiwa 50 km/h gari inakula kama mita 14 kila sekunde, yaani mguu ukichelewa nusu sekunde tu umeshasogea mita 7 na breki haijaanza hata kushika. Ukiwa 100 ni mita 14 zinapotea hivyohivyo.

Klachi nzito, goti linawaka moto kwenye foleni

Hii ndio dalili namba moja ya wenye goti, nyonga au enka ya kushoto. Usikisie uzito, upime. Chukua mizani bapa ya kupimia uzito wa mwili, iegemeze kwenye pedeli, mtu mwenye miguu mizima aisukume mpaka pedeli izame na wewe usome namba. Kisha tafuta gari ya aina hiyohiyo ambayo klachi yake haina malalamiko, ipime vilevile. Sio kipimo cha maabara lakini kikionyesha yako imezidi kilo kadhaa basi umeshajua mgonjwa ni gari.

Sasa kwenye gari inaweza kuwa nini? Kama ni ya kebo, anza na kebo yenyewe, imekauka au nyuzi zimekatika, au ilipitishwa vibaya siku injini iliposhushwa ikapinda kona kali ambayo haikuwepo. Bushi za pedeli pale juu, zile hakuna anayezikumbuka, zikikosa grisi pedeli inakuwa nzito na inalia kama mlango wa zamani. Uma wa klachi unakauka pale unapoegemea, rilizi beringi (beringi inayosukuma klachi iachie) inakwama kwenye njia yake badala ya kuteleza. Gari zenye klachi ya haidroliki (inayosukumwa kwa mafuta badala ya kebo) nazo mpira wa klachi unaweza kuvimba ndani ukaziba njia, na silinda ya chini ikashika kutu. Halafu kuna hii ambayo watu wanabisha mpaka waione: klachi pleti ikiisha, pedeli mara nyingi inakuwa NZITO zaidi, sio nyepesi. Presha pleti (sahani inayoibana klachi pleti) za siku hizi zinatumia springi ya diaframu, na pleti ikiwa nyembamba ile springi inakaa kwenye mkao mwingine unaohitaji nguvu zaidi kuisukuma. Kwa hiyo klachi nzito + inashika juu sana + gari inapandisha resi bila kwenda = badilisha klachi seti, na kuna uwezekano mkubwa goti lako likatulia siku hiyohiyo.

Hapo kwenye "inashika juu sana" tukae kidogo. Goti bovu halisumbuliwi na uzito peke yake, linasumbuliwa zaidi na kuning'inia. Klachi inayoshika juu inakulazimisha kuubeba mguu hewani, kisigino hakigusi sakafu, na unausawazisha hapo huku gari inatambaa sentimita kwa sentimita, misuli ya paja ndio inalia. Kwenye kebo unaweza kuilegeza kidogo ikashika chini zaidi, ila ukizidisha klachi haiachii vizuri na gia zinakwaruza. Na ukiwa unaikaza usiibane mpaka pedeli ikakosa ule mchezo mdogo wa juu ambao kitabu cha gari kimeutaja, ukiumaliza wote beringi inafanya kazi muda wote na klachi inaanza kuteleza. Gari nyingi za haidroliki zinajirekebisha zenyewe, kwa hiyo zikishika juu au chini kupita kawaida, hapo tafuta hewa kwenye mfumo au uchakavu.

Gari iko sawa? Njoo kwenye kiti. Klachi ikiwa imezama mpaka mwisho goti libaki limekunja kidogo, lisinyooke kabisa. Ukikaa mbali unaisukuma kwa ncha ya vidole na nyonga inajipinda, ukikaa karibu mno goti linakunjwa kuliko linavyoweza na kila ukiachia klachi unalipandisha mpaka karibu ya stelingi. Ukingo wa mbele wa kiti nao ukiwa juu unaminya nyuma ya paja, nusu saa tu mguu umekufa ganzi, halafu unasema mshipa wa ajali umerudi. Shusha ukingo, au kama kiti hakina hiyo adjasti weka mto mwembamba upande wa makalio uinuke nyuma.

Na tabia yako pia ni sababu, samahani. Foleni ikisimama weka nyutro, toa mguu, uweke pembeni ya klachi sakafuni. Acha nafasi mbele yako uwe unasogea mara moja kwa mita kumi badala ya mara kumi kwa mita moja. Watapiga honi, waache.

Gia inakwaruza, hasa rivasi

Hapa swali ni moja, je klachi inazama mpaka mwisho au wewe ndio hufiki? Mpe mtu mwenye miguu mizima akanyage mpaka chini, asubiri sekunde tatu nne, kisha aingize rivasi. Kusubiri ni muhimu maana giaboksi nyingi rivasi haina sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha mzunguko wa gia kabla hazijashikana), ukiingiza haraka inakwaruza hata kwa dereva bingwa. Kama kwake pia inakwaruza, klachi haiachii vizuri, peleka kwa fundi. Kama kwake inaingia kama siagi, basi kwako pedeli haifiki chini.

Isipofika chini angalia kwanza kapeti, usicheke, kapeti nene au mbili zilizopandana zinakula sentimita mbili za mwendo wa pedeli bure. Tatizo linalofanana na hili ni gari kutowaka kabisa: gari nyingi za manyuali zina swichi kwenye klachi, bila kukanyaga mpaka mwisho stata haizunguki. Nimeona mtu anabadilishiwa betri kwa tatizo hilo.

Kapeti imetoka, kiti kimesogezwa, bado haufiki kwa sababu mguu umepungua urefu au goti haliendi hadi mwisho? Sasa ndio tunaongelea nyongeza ya pedeli.

Kuongeza pedeli, na shida zinazozaliwa baada ya kuongeza

Kwanza kwa nini usisogeze kiti mbele tu? Kwa sababu ya eabegi. Kifua kinatakiwa kiwe angalau kama sentimita 25 kutoka katikati ya stelingi. Ukisogea ukawa karibu zaidi ya hapo ile eabegi inayotakiwa kukuokoa inakupiga. Ndio maana tunaileta pedeli kwako badala ya wewe kuifuata.

Nyongeza inayofaa ni ya chuma au aluminiamu, inabana mkono wa pedeli au sahani yake kwa bolti zaidi ya moja, na nati za kujifunga zisizolegea kwa mtikisiko. Kipande cha ubao na waya, hapana. Najua umeona mtu kafunga na inafanya kazi miaka, lakini ubao unapasuka, waya unalegea, na kile kipande kikidondoka kinaenda kulala chini ya breki. Kuchomelea mkono wa pedeli nako sikushauri, moto unabadilisha chuma na huoni ufa mpaka siku ya breki ya ghafla. Na pedeli ya mafuta ya siku hizi mara nyingi ni plastiki yenye sensa ndani, huko hakuna cha kuchomelea.

Kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni kisigino. Pedeli zikija juu na kukusogelea kwa sentimita 5, sakafu imebaki palepale, kwa hiyo kisigino kinaning'inia na ule mhimili ambao mguu wa kulia unauzungukia kati ya mafuta na breki umepotea. Unahitaji jukwaa dogo chini ya kisigino lililofungwa imara sakafuni, sio tofali la povu. Bila hilo mtu anaongeza pedeli leo na kesho analalamika enka inamuuma zaidi.

Baada ya kufunga, dalili hizi zisikutishe ila usizipuuze hata moja:

Silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) iko juu, gari inanguruma yenyewe. Nyongeza imekuwa nzito kwa springi ya pedeli ya mafuta, au inagusa kapeti, au inagusa ukuta wa pembeni. Zima injini, kandamiza mafuta mpaka mwisho, achia mguu ghafla. Pedeli iruke mpaka juu kabisa bila kusaidiwa. Ikirudi kivivu, usitoke na hiyo gari.

Taa za breki hazizimi. Uzito wa nyongeza umeishusha pedeli ya breki milimita kadhaa, swichi ya taa inadhani umekanyaga. Ubaya sio taa tu, breki inaweza kuwa inaburuza, ukirudi safari ukasogeza kiganja karibu na rimu unahisi joto. Na wa nyuma yako hajui lini unafunga kweli. Usisogeze swichi kuficha dalili, punguza uzito.

Klachi imeanza kuteleza wiki chache baada ya kufunga. Kwa sababu ileile pedeli imening'inia chini kidogo, au pedeli sasa iko karibu na mguu na unaipumzishia unyayo bila kujua. Mimi nilikuwa nafanya hivyo. Abiria ndio aliniambia, mwenyewe nilikuwa naapa sigusi.

Pedeli inapinda pembeni ukikanyaga. Sahani imewekwa nje ya mstari wa mkono wake, kwa hiyo unausokota. Sogeza sahani irudi katikati, au tafuta nyongeza nyingine. Kwa breki hili halina mjadala.

Na kanyaga kila pedeli mpaka mwisho kabisa huku mtu ameinama na tochi anaangalia kama nyongeza inagonga sakafu kabla pedeli haijamaliza mwendo. Breki jaribu mara mbili: injini inawaka, halafu imezimwa na umeshaikanyaga mara kadhaa mpaka imekuwa ngumu. Ukifika wiki moja kaza tena nati zote.

Mguu unateleza au unanasa chini ya breki

Mpira wa pedeli ukiwa umelika mpaka unang'aa, badilisha, kazi ya dakika tano. Baada ya hapo tazama kiatu. Soli nene ya kufidia mguu mfupi inaondoa hisia na inakuwa pana, unakanyaga breki na mafuta pamoja. Bora urefu uwe kwenye pedeli na kiatu kiwe chembamba, japo ukishuka unabadilisha kiatu kingine, kero lakini ndio hivyo.

Unyayo unaolegea mbele, yaani vidole havipandi kwa sababu mshipa wa fahamu umeumia, huo ndio unanasa. Unatoka kwenye mafuta, ncha ya kiatu inapita chini ya breki badala ya juu yake. Pedeli ya mafuta kwa kawaida iko chini kuliko ya breki, mguu mzima unainuka bila wewe kufikiri, huu hauinuki. Kifaa cha kushika enka kinasaidia kunyanyua ncha, lakini ukivaa kigumu sana enka haikunji na unasukuma mafuta kwa goti zima, gari inaruka kama chura. Kupunguza tofauti ya kimo kwa kuinua pedeli ya mafuta kidogo kunasaidia, ila ukiilinganisha kabisa na breki utaanza kuzikanyaga zote mbili, ni kuipima taratibu. Kwa klachi unaweza kuweka kingo upande wa kushoto wa sahani ili unyayo usiteleze nje. Kuufunga mguu kwenye pedeli kwa mkanda, kamwe, hata klachi.

Mguu wa kulia ndio mbovu

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mpangilio wa pedeli ni uleule duniani kote hata stelingi ikihama upande: klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Mguu mmoja wa kulia una kazi mbili. Watu wanasikia kuna pedeli ya mafuta ya kuhamishia kushoto wanafurahi, lakini ile imetengenezwa kwa gari ya otomatiki. Kwenye manyuali mguu wa kushoto tayari una klachi, utakanyagaje klachi na mafuta kwa mguu mmoja ukiondoka kwenye kilima? Haiwezekani. Lever ya mkono ya kusukuma kwa breki na kuvuta kwa mafuta nayo ina hesabu yake: mkono mmoja lever, mkono mmoja stelingi, gia inabadilishwa na nani?

Kwa hiyo mguu wa kulia ukiwa haurudi, ukweli mchungu ni kuuza manyuali na kununua otomatiki, kisha ndio uweke lever au mafuta ya kushoto. Nimeona watu wanatumia hela nyingi kukwepa sentensi hiyo. Wa mguu wa kushoto ndio wana njia ya katikati, klachi inayojikanyaga yenyewe: unagusa kirungu cha gia, mota au vakyumu (nguvu ya kufyonza hewa) inavuta klachi, ukiachia inarudi. Wazo sio geni, Saab waliuza 900 yenye Sensonic miaka ya 1990, gia za mkono bila pedeli ya klachi, na Hyundai Venue ya India ikatoka na mfumo wa namna hiyo uitwao iMT mwaka 2020.

Ukifungiwa mfumo huo na gari inajikwaa kila ukiachia gia, kasi ya kurudi klachi haijasetiwa au klachi pleti yenyewe imechoka, fundi asiguse kompyuta kabla hajaangalia pleti. Kama klachi inajiachia katikati ya mwendo na resi inapanda bila sababu, jichunguze mkono, wengi tuna tabia ya kuulaza kwenye kirungu cha gia na swichi iko hapohapo. Ikichelewa kukanyaga asubuhi tu, pima betri, na kama ni ya vakyumu tafuta mpira uliopasuka.

Bima waambie kwa maandishi kila ulichobadilisha, na wanaotoa leseni pia, maana sehemu nyingi leseni inaandikwa kwamba unaendesha gari iliyorekebishwa. Na yeyote unayempa funguo mwambie kabla hajakaa. Fundi wangu ana miguu mirefu, aliingia kwenye gari yangu kuisogeza tu hatua mbili, akakanyaga klachi, goti likagonga chini ya stelingi honi ikapiga, akashuka anachechemea kunizidi mimi.